Inveta kwenye gari la safari: mwongozo kamili kwa wanaolala njiani kati ya Tabora na Kigoma

Hiace au Land Cruiser iliyotolewa viti vya nyuma na kuwekwa kitanda inatosha kuwa nyumba kwa wiki nzima. Wako wanaoitumia kwenda Hifadhi ya Ugalla, wako wafanyabiashara wa asali wanaozunguka Sikonge na Urambo, wako watafiti wa misitu ya miombo, na ziko familia zinazotoka Tabora kwenda Kigoma kuliona ziwa. Jioni ikifika wote wanaulizana jambo moja: laptop, feni na televisheni ndogo vitapata umeme wapi?

Wengi hujibu kwa kununua inveta, na hapo ndipo fedha huanza kupotea. Inveta haitengenezi umeme. Inachukua volti 12 za betri, inazipandisha hadi volti 230 kama za ukutani, na katika kazi hiyo inakula sehemu yake. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haikupi kitu ambacho betri haina, wala haipitishi kitu ambacho waya hauwezi kubeba. Mfumo mzuri hupangwa kuanzia betri na nyaya, inveta inafuata.

Hatua ya 1: Hakikisha gari ni la volti ngapi

Hiace, Noah, Hilux na Land Cruiser nyingi ni za volti 12. Malori, Fuso na Coaster nyingi za dizeli ni za volti 24, na zipo Land Cruiser za dizeli zilizokuja kutoka Japani zenye volti 24 vilevile. Kuona betri mbili chini ya boneti hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu baadhi ya magari yana betri mbili zilizoungwa sambamba na bado ni volti 12. Chukua mita ya kupimia volti, zima injini, pima kwenye nguzo kubwa za betri zinazokwenda kwenye stata. Ukipata 12 na pointi, au 24 na pointi, umemaliza.

Inveta ya volti 12 ikiguswa na volti 24 huungua papo hapo. Usikubali pia ujanja wa kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili za gari la volti 24. Betri hiyo itakuwa inatoa kuliko mwenzake, altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) haitaweza kuzisawazisha, na baada ya miezi michache moja itakuwa imekufa kwa kutochajiwa vya kutosha na nyingine imechemka kwa kuchajiwa kupita kiasi.

Hatua ya 2: Andika matumizi kabla ya kwenda dukani

Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa betri ni mali ya namna hiyo. Kwa kila kifaa andika wati zake (zimeandikwa nyuma au kwenye chaja), kisha zidisha kwa saa utakazokitumia kwa usiku mmoja. Jibu ni wati-saa.

Chukua familia ya watu watatu inayolala garini usiku mmoja. Laptop ya wati 60 kwa saa 2 ni wati-saa 120. Feni ya kawaida ya meza, wati 45 kwa saa 6, ni 270. Televisheni ya inchi 24, wati 30 kwa saa 2, ni 60. Chaja za betri za kamera, wati 10 kwa saa 3, ni 30. Mashine ya kunyolea haifiki hata 5. Jumla ni 485. Inveta nzuri hufikisha kama asilimia 85 ya kinachoingia, kwa hiyo gawa kwa 0.85, unapata 571. Tena inveta yenyewe ikiwa imewashwa hula wati 8 hivi hata kama hakuna kilichochomekwa. Kwa saa 8 ni 64. Sasa uko kwenye wati-saa 635. Gawa kwa volti 12: ampea-saa 53, kipimo kile kile cha ujazo kinachoandikwa kwenye betri.

Betri ya risasi, yaani ile ya kawaida ya asidi, ya ampea-saa 100, hata ile ya sola, haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Familia hiyo imeshavuka nusu kwa usiku mmoja tu.

Badilisha kitu kimoja. Ondoa feni ya volti 230, weka feni ya volti 12 ya wati 15 inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Feni sasa inakula wati-saa 90, inveta inawashwa saa 3 tu badala ya 8, na hesabu nzima inashuka hadi kama ampea-saa 31. Betri ile ile, safari ile ile, na usiku wa pili unakaribia kupatikana bila kuongeza chochote. Ndiyo maana tunasisitiza: kila kinachoweza kutumia volti 12 kisipitie kwenye inveta. Simu zichajiwe kwa soketi ya USB ya gari mkiwa njiani. Taa ziwe za LED za volti 12. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanafunga taa zao za LED moja kwa moja kwenye betri, na betri moja inawafikisha mbali kwa sababu hiyo.

Friji inahitaji neno lake. Friji ndogo ya nyumbani huvuta wati 80 hadi 100 ikiwa inazunguka, lakini sekunde ile kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo, na inveta ndogo hukata. Kwa anayebeba insulini, samaki au chanjo za mifugo, friji ya kompresa ya volti 12 ndiyo inayofaa. Ikizunguka hula wati 45 hadi 60, na kwa kuwa huzima na kuwaka yenyewe, kwa siku nzima huchukua ampea-saa 25 hadi 40 kutegemea joto na mara ngapi mlango unafunguliwa.

Vitu vya kupasha moto viache kabisa: pasi, birika la umeme, hita ya maji, jiko la koili. Birika la wati 1,800 kwenye volti 12 linataka ampea 180. Kuna altaneta za gari dogo ambazo hazitoi hata nusu ya hiyo. Mtungi mdogo wa gesi unachemsha chai hiyo hiyo bila kugusa betri. Uutumie nje ya gari.

Hatua ya 3: Kuchagua inveta

Jumlisha wati za vifaa vitakavyowaka kwa pamoja. Kwa familia yetu, laptop, televisheni na chaja ni wati 100, na hata feni ya kawaida ikirudi ni 145. Inveta ya wati 300 inatosha na kubaki. Ukitaka blenda ya wati 350, nenda kwenye ya wati 600 hadi 800, kwa sababu mota ya blenda nayo huanza kwa kishindo. Inveta kubwa kuliko mahitaji hula zaidi ikiwa haina kazi: ya wati 1,000 inaweza kuchukua ampea 1 au zaidi bure, na ukiisahau imewashwa usiku kucha umepoteza ampea-saa 10.

Namba ya boksi uipokee kwa tahadhari. Bidhaa za bei rahisi huandika nguvu ya kilele, ile ya sekunde moja, kana kwamba ni ya kudumu. Njia ya kuwabana wauzaji ni kuangalia fyuzi za inveta yenyewe, ambazo huonekana nyuma au ndani karibu na nguzo za betri. Inveta ya volti 12 inayodai wati 1,000 lazima iweze kupokea kama ampea 100. Ukikuta fyuzi moja ya ampea 40, zidisha 40 kwa 12: wati 480 kabla ya hasara. Hiyo ni inveta ya wati 400, chochote kilichoandikwa juu yake. Ipime pia mkononi, kwa kuwa inveta nyepesi kama boksi tupu mara nyingi ina bati dogo la kupozea.

Kuna aina mbili za umeme unaotoka. Inveta ya wimbi safi, ambayo wauzaji huita pyua, hutoa umeme unaofanana na wa TANESCO. Ile nyingine, modifaidi, hutoa umeme wa ngazi ngazi. Laptop na chaja nyingi za simu huvumilia ngazi hizo. Feni hunguruma na kupata moto, blenda hupoteza nguvu, mashine za kunyolea zenye chaja rahisi ndani huungua, na vifaa vya hospitali kama vya kusaidia kupumua havitakiwi kabisa kwenye umeme wa namna hiyo. Tofauti ya bei ipo, lakini kwa wati 300 hadi 600 nunua wimbi safi. Hapo hatuoni sababu ya kubana matumizi.

Zile inveta ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari zina kikomo chake. Tundu hilo kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 kwa upeo wake. Laptop moja, basi. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi ili lisikate, unahamishia moto kwenye waya mwembamba uliopita nyuma ya dashibodi.

Hatua ya 4: Betri ya pili

Betri ya kuwashia gari, N50 au N70, imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Kuishusha polepole usiku kucha kunaiua. Mara chache tu za kuisha kabisa zinatosha. Inveta nyingi hulia volti zikifika 11 hivi na kukata kwenye 10.5 hivi. Kwa betri ya risasi, hapo stata imeshashindwa kuzungusha injini kitambo. Kulia kwa inveta hakulindi safari yako ya asubuhi.

Kwa hiyo weka betri ya pili, ya ampea-saa 100, ya jeli au AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa ndani isimwagike) iliyofungwa kabisa kama italala ndani mnapolala watu. Betri ya maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche. Kama ndiyo uliyonayo, ikae kwenye boksi lenye bomba la kutolea hewa nje. Ifunge kwa mkanda wa chuma au wa turubai ngumu hadi isitikisike. Betri ya ampea-saa 100 ya jeli ina uzito wa karibu kilo 30, na breki ya ghafla barabarani hugeuza uzito huo kuwa jiwe linaloruka.

Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ni nyepesi, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya ujazo wake. Ila usiiunge moja kwa moja na altaneta. Ikiwa tupu huvuta umeme wote inaoweza kupewa, altaneta hukimbizwa kwa nguvu zote kwa saa nzima na koili zake huungua. Inahitaji chaja ya katikati, ile ya kutoka volti 12 kwenda volti 12, ya ampea 20 au 30, inayopima kiasi.

Hatua ya 5: Nyaya na fyuzi

Kanuni ya kichwani: kwenye gari la volti 12, gawa wati kwa 10, unapata ampea. Kwa volti 24, gawa kwa 20. Wati 600 ni ampea 60. Birika la umeme nyumbani halivuti hata nusu ya ampea hizo, na bado fundi atakuletea waya wa taa.

Tazama kinachotokea. Inveta ya wati 600 iko mita 2 kutoka kwenye betri, kwa hiyo umeme unasafiri mita 4, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, ampea 60 zitapoteza volti 0.7 njiani, na wati 42 zitageuka joto ndani ya waya wenyewe. Betri inayosoma 12.2 ikiwa imetulia itashuka hadi 11.8 ikibeba mzigo, toa 0.7, inveta inaona 11.1. Inaanza kulia ilhali nusu ya betri bado ipo. Mwenye gari anasema inveta ni mbovu, anairudisha dukani, anapewa nyingine, nayo inalia vilevile. Kwa waya wa milimita 25 za mraba, umbali ule ule, hasara inakuwa volti 0.17 tu.

Vipimo tunavyovishauri kwa volti 12, inveta ikiwa ndani ya mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye betri: kwa wati 300, waya wa milimita 10 za mraba na fyuzi ya ampea 40, kwa wati 600, milimita 25 na fyuzi ya ampea 80, kwa wati 1,000, milimita 35 na fyuzi ya ampea 125. Inveta isogezwe karibu na betri. Umbali wowote uliobaki upitie upande wa volti 230, ambako waya mwembamba wa kawaida unatosha kwa kuwa ampea ni chache.

Uangalie waya wenyewe kabla ya kulipa. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, na mtu asiyejua hutoa fedha ya shaba. Chuna nyuzi chache, uzikwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini, inayopitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hukatika kwa mtikisiko na hulegea kwenye nati. Waya wa mashine ya kuchomelea, wenye nyuzi nyembamba nyingi na mpira laini, ni chaguo zuri sana kwa gari kwa sababu hauvunjiki kwenye kona.

Kila ncha iwekwe lagi, yaani kichwa cha shaba chenye tundu la nati, ya kipimo cha waya huo na tundu la kipimo cha nguzo, kwa kawaida milimita 8 au 10, na ibanwe kwa koleo la hidroliki. Lagi iliyopondwa kwa nyundo ina nafasi ndani. Umeme unapita kwenye nyuzi chache, hizo zinapata moto, zinaota kutu, nafasi inaongezeka. Ukiona plastiki karibu na lagi imegeuka kahawia na kung'aa kidogo, kazi hiyo ilishaanza. Mwambie fundi wazi: "Naomba ubane kwa mashine, usigonge." Kama hana mashine, tafuta wanaofunga sola, hao huwa nayo.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya ya betri. Kazi yake ni kulinda waya. Ikiwekwa karibu na inveta, mita zote mbili za waya zinabaki bila ulinzi, na siku bati la bodi litakapokata mpira, betri itamwaga mamia ya ampea hapo na gari litawaka. Kila mahali waya unapotoboa bati, weka mpira wa tundu, na waya wote upite ndani ya bomba la plastiki.

Kuunganisha betri ya gari na ya pili, tumia rilei inayopima volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Altaneta ikifikisha volti 13.3 au zaidi rilei inaunganisha, injini ikizimwa na volti zikashuka hadi 12.8 hivi inatenganisha. Waya wa milimita 16, fyuzi ya ampea 60 kwenye kila betri, ncha zote mbili, kwa kuwa pande zote mbili zina umeme. Magari mapya ambayo kompyuta yake hushusha altaneta mara kwa mara hayaendani na rilei hii. Hayo yanataka chaja ya katikati hata kwa betri ya risasi.

Hatua ya 6: Kufunga

Chagua sehemu kavu, yenye hewa, nje ya chumba cha injini, isiyo juu ya betri, na acha sentimita 10 wazi kila upande. Chini ya kitanda panafaa kama mbao zina matundu na mablanketi hayataangukia feni ya inveta. Ikaze kwa skrubu nne zenye washa ya mpira.

Swichi ya inveta iwe imezimwa. Kaza nyaya zote mbili kwenye inveta kwanza: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, kisha zikague tena kwa sauti, na mtu mwingine akiwepo athibitishe. Ukikosea hapa, fyuzi za ndani zitakatika na mara nyingi transista nazo hufa, na karibu hakuna duka linalokubali kuirudisha. Toa fyuzi kuu kwenye kikombe chake. Funga hasi kwenye betri ya pili, kisha chanya. Skrubu ya ardhi iliyoko kwenye bati la inveta ipelekwe kwenye chesisi kwa waya wa milimita 10, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane. Hasi ya betri ya pili nayo iende kwenye chesisi kwa waya mnene kama ule wa inveta.

Mwisho ndipo uweke fyuzi. Cheche ndogo ni ya kawaida, kapasita za ndani zinajaa. Kwa inveta ya wati 1,000 na kuendelea cheche huwa kali, hivyo kabla ya kuweka fyuzi shika balbu ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili, ziguse pande mbili za kikombe cha fyuzi kwa sekunde chache. Itawaka kisha itafifia. Ikififia, weka fyuzi. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna kosa. Ondoa na uanze kukagua.

Hatua ya 7: Kujaribu kabla ya safari

Washa inveta bila kitu. Pima soketi: wimbi safi litasoma karibu na 230. Inveta ya modifaidi kwenye mita ya bei rahisi inaweza kusoma 180 au 200 na bado ni nzima, kwa sababu mita hizo hazijui kusoma umeme wa ngazi.

Chomeka mzigo mdogo, kisha mkubwa uliopanga kuutumia, uache dakika 10. Mzigo ukiwa unaendelea, pima volti kwenye nguzo za betri, halafu kwenye nguzo za inveta. Tofauti ikizidi 0.3, kuna lagi, nati au kikombe cha fyuzi kinachokula umeme. Zima, kisha gusa kila kiungo kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Kinachokufanya uondoe kidole ndicho cha kufungua na kubana upya.

Kurudisha umeme kwenye betri

Safari ya Tabora hadi Kigoma, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, ni zaidi ya kilomita 400. Hiyo ni chaji nzuri. Chaja ya ampea 20 inarudisha ampea-saa 53 za usiku kwa saa 3 hivi kwa lithiamu. Betri ya risasi hupokea polepole kadiri inavyokaribia kujaa, ipe saa 5 au 6. Kuacha injini ikiunguruma mmeegesha hakusaidii sana, kwani kwenye mzunguko wa chini altaneta hutoa sehemu ndogo ya uwezo wake. Na kamwe injini isiachwe ikiwaka watu wamelala ndani. Gesi ya sumu ya kaboni monoksidi iliyo kwenye moshi wa ekzosi haina harufu, na anayelala hana namna ya kujua.

Mkikaa sehemu moja siku kadhaa, panueni kwa sola. Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa jua la kiangazi la Tabora, hutoa kama wati-saa 600 hadi 700 kwa siku. Kipindi cha mvua, Novemba hadi Aprili, kuna siku mtapata theluthi ya hiyo. Kivuli cha tawi moja juu ya paneli kinashusha zaidi ya mnavyofikiri, kwa hiyo paneli ya kubebeka yenye waya wa mita 5 hukuwezesha kuegesha gari mwembeni na kuiacha paneli juani.

Dalili na chanzo chake

Inveta inalia ukichomeka mzigo, inanyamaza ukiutoa: waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Anza hapo kabla ya kulaumu betri. Ikilia hata bila mzigo, betri imekwisha au seli moja imekufa. Betri iliyochajiwa na kutulizwa saa kadhaa inapaswa kusoma 12.6 au 12.7, na 12.2 ni kama nusu.

Inafanya kazi dakika 10 kisha inazima, baada ya muda inawaka tena: joto. Gari lililofungwa madirisha Oktoba saa 8 mchana linapita nyuzi 50, na inveta hujikata ili isiungue. Vumbi jekundu la barabara za porini nalo huziba matundu. Lipulize kwa pampu ya baiskeli kila mwezi, inveta ikiwa imetolewa fyuzi. Wakati huo huo angalia sisimizi na mijusi, wanapenda joto la ndani na mjusi mmoja anatosha kuunguza bodi.

Friji inaanza na kukata: nguvu ya kuanzia haitoshi. Redio inakoroma inveta ikiwaka: nyaya za inveta zimelala pamoja na waya wa antena, zitenganishe. Gari haliwaki asubuhi ilhali kuna betri ya pili: rilei imeganda au mtu ameunga kifaa upande wa betri ya gari. Pima betri zote mbili injini ikiwa imezimwa tangu usiku. Zikisoma sawasawa kabisa, rilei haijatengana.

Mambo matatu yanayounguza inveta nzima

Kuwasha gari inveta ikiwa inafanya kazi ni la kwanza. Stata hushusha volti ghafla na kuzirusha, kwa hiyo zima inveta kwanza.

La pili ni kubusti. Gari likikwama porini, lori ndilo litakalopita, na lori lina volti 24. Mkiungana nalo moja kwa moja mnaunguza inveta, redio na kompyuta ya gari kwa mpigo. Dereva wa lori akubali kuchukua waya kwenye betri yake moja tu, na kabla ya hapo toa fyuzi ya inveta.

La tatu husahaulika zaidi: kuchomelea. Barabara mbovu huvunja brakiti ya springi au keria, mnaingia kwenye gereji ya kwanza, fundi anabana kibanio cha hasi popote na kuanza kuchoma. Umeme wa mashine unatafuta njia ya kurudi kupitia chesisi, na njia mojawapo ni skrubu ya ardhi ya inveta yako. Toa fyuzi, fungua skrubu hiyo, fungua hasi za betri zote mbili, ndipo fundi aendelee.

Volti 230 za inveta zinaua kama za nyumbani. Msitumie soketi mkiwa mmetoka kuoga ziwani na miguu iko mchangani, na ekstensheni isilale nje usiku wa umande. Msichomeke inveta kwenye soketi ya nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili; umeme wa TANESCO ukirudi utakutana na wa inveta, na fundi aliye juu ya nguzo anaweza kudhurika kwa umeme asioujua.

Gari likirudi nyumbani

Chaji betri ya pili hadi ijae, toa fyuzi kuu, futa nguzo na uzipake grisi kidogo; hewa ya Kigoma karibu na ziwa huziotesha unga wa kijani haraka kuliko ya Tabora. Betri isikae kwenye jua: kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu. Ipime kila mwezi. Ikisoma chini ya 12.4, irudishe kwenye chaja siku hiyo hiyo, na kabla ya safari inayofuata kaza tena kila nati ya nyaya nene, kwa sababu kilomita 400 za mtikisiko zitakuwa zimeshalegeza angalau moja.